Jina na Shubaka: Mpangilio wa Ghala na Lebo Katika Mchezo wa Minecraft na Katika Ghala la Kahawa la Minova

1.0 Utangulizi

Kila jamii yenye mali ina mahali pa kuiweka, na kila mahali pa kuweka mali huhitaji majina. Shida ya ghala haianzi vitu vinapokuwa vichache. Huanza vinapokuwa vingi kiasi kwamba aliyeviweka hawezi tena kuvikumbuka vyote, au pale anayevitafuta anapokuwa mtu mwingine ambaye hakuwepo vilipowekwa. Hapo ndipo kumbukumbu inaposhindwa na maandishi kuchukua nafasi yake.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi shida hiyo inavyotatuliwa katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, na kuonyesha kwamba mambo yanayobainika humo kuhusu kupanga vitu na kuvipa lebo yanamhusu mtaalamu wa Kiswahili na mtunza ghala pia. Mfano wa ghala la kweli umechukuliwa Minova, mji wa biashara ulioko kwenye ufuko wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe, mkoa wa Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo uko kwenye barabara iunganishayo Goma na Bukavu, na bandari yake imekuwa mlango wa vyakula viendavyo Goma kwa njia ya maji.

Hoja inayotetewa hapa ni moja, nayo ni kwamba lebo huandikwa kwa ajili ya anayetafuta, si kwa ajili ya anayeweka. Kwa sababu hiyo lebo ni tendo la lugha kabla ya kuwa kipande cha karatasi au ubao, na ubora wake hupimwa kwa kigezo kilekile kinachopima istilahi yoyote, yaani kama inaeleweka na wale wanaoitumia kwa pamoja.

2.0 Mchezo na makasha yake

Minecraft ulitungwa na Markus Persson wa Sweden. Watu walianza kuucheza mwaka 2009, na toleo lake kamili likatolewa Novemba 2011 na kampuni ya Mojang, ambayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2014. Kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Ni mchezo huria, kwa maana kwamba haumlazimishi mchezaji kufuata hadithi fulani wala kushinda kwa njia moja. Mchezaji huwekwa katika ulimwengu uliojengwa kwa vipande vya mraba vya udongo, mawe, mbao na madini, naye huvichimba, huvikusanya na kuvijengea atakacho.

Afrika Mashariki haiko mbali na mchezo huu. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianza kushirikiana na Mojang katika mpango wa Block by Block. Katika mpango huo wakazi wa mitaa hutumia mchezo kuonyesha sura ya viwanja na bustani za umma wanazozitaka, na majaribio ya mwanzo yalifanywa Nairobi kwenyewe. Anayejenga kwa namna hiyo anaweza kuucheza mchezo katika hali ambayo vifaa vyote viko tele, hivyo hahitaji ghala. Ghala huhitajika katika hali ya pili, ambamo kila kitu hutafutwa kwa jasho na kinaweza kupotea.

Katika hali hiyo ya pili mchezaji huwa na mashubaka 36 ya kubebea vitu. Neno shubaka limechaguliwa hapa kwa makusudi, kwa kuwa maana yake ya asili ni kitundu kisichotoboka kilichoachwa ukutani ili vitu viwekwe humo, na hivyo ndivyo sehemu hizo zinavyofanya kazi. Shubaka moja hupokea aina moja tu ya kitu. Vitu vingi hurundikwa hadi 64 katika shubaka moja, vingine hadi 16 tu, na zana kama jembe au upanga hukaa moja moja. Mchezaji akifa, vitu vyake huanguka chini, na visipookotwa kwa dakika tano hutoweka. Kubeba kila kitu, basi, ni hatari, na kwa hiyo mchezaji hulazimika kujenga ghala.

Chombo cha kwanza cha ghala ni kasha la mbao, lenye mashubaka 27. Makasha mawili yakiwekwa sambamba huungana na kuwa moja lenye mashubaka 54. Hesabu ni rahisi: kasha moja lililojaa vitu vinavyorundikwa kwa 64 huchukua vitu 1,728, na kasha la kuungana huchukua 3,456. Lakini kasha hilohilo likijazwa panga huchukua 27 tu. Kwa hiyo ukubwa wa ghala hautegemei idadi ya makasha peke yake. Hutegemea pia aina ya vitu na jinsi vilivyogawanywa. Aliyetawanya mawe machache machache katika makasha kumi amekwisha kutumia mashubaka kumi kwa mali ambayo ingetosha katika shubaka moja.

Baadaye vyombo vingine viliongezwa. Mwaka 2013 iliongezwa faneli inayopitisha vitu kutoka chombo kimoja hadi kingine bila mkono wa mtu. Mwaka 2016 lilikuja kasha la kubebeka, ambalo likivunjwa hubaki na vilivyomo ndani. Mwaka 2019 pipa lilianza kutumika kama chombo cha kuhifadhia, nalo lina sifa ya kufunguka hata likiwa na kitu juu yake, jambo ambalo kasha haliwezi likifunikwa na kipande kizima. Sifa ndogo ya namna hiyo hubadili umbo la ghala zima, kwa sababu mapipa yanaweza kupangwa kama ukuta mmoja usio na nafasi katikati.

3.0 Misingi mitatu ya kupanga

Wachezaji waliozoea hawakubaliani juu ya mpangilio mmoja ulio bora. Hata hivyo, mipangilio yao mingi inaweza kurejeshwa katika misingi mitatu.

Msingi wa kwanza ni asili ya kitu. Vyote vitokanavyo na mti hukaa pamoja, na vyote vitokanavyo na jiwe hukaa pamoja. Gogo, ubao, mlango na ngazi za mbao huwekwa upande mmoja. Msingi wa pili ni matumizi. Hapa mlango wa mbao hukaa na mlango wa chuma kwa kuwa yote ni milango, na mkate hukaa na samaki kwa kuwa vyote huliwa, ijapokuwa mmoja umetoka shambani na mwingine majini. Msingi wa tatu ni kadiri kitu kinavyohitajika. Vile vinavyotumika kila siku, kama makaa ya mawe na chakula, huwekwa karibu na mlango bila kujali asili yake, na vile vya nadra hupelekwa nyuma au chini.

Msingi wa asili humfaa anayefahamu vitu vilikotoka, wa matumizi humfaa anayejua atakalofanya, na wa tatu humfaa mwenye haraka. Tatizo hutokea misingi ikichanganywa bila kutangazwa. Ngano ikiwekwa kwa msingi wa asili pamoja na mbegu, na mkate ukawekwa kwa msingi wa matumizi pamoja na nyama, atakayekuja kutafuta hatajua aanzie wapi.

Wasomi wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili vizuri kupitia kamusi zao. Kamusi ni ghala la maneno, na mtunzi wake hulazimika kuamua kila neno likae wapi. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 maneno mengi yaliyonyambuliwa yalikusanywa chini ya mzizi wa kitenzi. Kwa mpango wa namna hiyo, mpishi hutafutwa chini ya pika na mapatano chini ya pata. Huo ni mpangilio wa asili, nao humpendeza mwanaisimu kwa sababu unaonyesha ukoo wa maneno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, iliyapa maneno ya namna hiyo nafasi zake yenyewe kwa kufuata herufi yanayoanza nayo. Huo ni mpangilio wa anayetafuta. Mwanafunzi aliyekutana na neno mpishi kwa mara ya kwanza hajui bado kwamba linatokana na pika. Kumtaka aanzie kwenye mzizi ni kumtaka ajue kile alichokuja kukitafuta.

Kamusi na kasha, kwa hiyo, zinafundisha jambo moja. Mpangilio unaodhihirisha ujuzi wa aliyepanga si lazima uwe mpangilio unaomsaidia anayetafuta.

4.0 Lebo na msomaji wake

Mchezo unatoa njia kuu tatu za kuandika lebo. Ya kwanza ni kibao cha mbao chenye mistari minne, ambacho hubandikwa mbele ya kasha na kuandikwa lolote kwa lugha yoyote. Ya pili ni fremu, iliyoongezwa mwaka 2012, ambayo hutundikwa juu ya kasha na kutiwa kitu chenyewe ndani yake, hivi kwamba kasha la dhahabu huonyesha kipande cha dhahabu. Ya tatu ni jina linalopewa kasha kwa kutumia fuawe kabla ya kuwekwa mahali pake. Jina hilo huonekana kasha linapofunguliwa.

Tofauti kati ya njia hizi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Fremu huonyesha kitu, na kwa hiyo huelewa hata asiyejua kusoma au asiyejua lugha ya mwenye ghala. Lakini fremu haiwezi kusema "mbegu za kupanda msimu ujao, zisiliwe". Kinachoonekana ni mbegu tu. Kibao kinaweza kusema hayo yote, bali kwa sharti kwamba msomaji anaifahamu lugha iliyotumika. Jina la ndani ya kasha nalo husomwa baada ya kufungua, hivyo humthibitishia mtu kwamba amefika, lakini halimwelekezi njia. Ghala lililopangwa vyema hutumia zaidi ya njia moja: fremu kwa jicho, kibao kwa maelezo, na kitabu chenye orodha ya makasha yote karibu na mlango.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Mtambo wa kupanga vitu unaojengwa kwa faneli hausomi vibao. Hutambua kitu kwa kukilinganisha na vile vilivyokwisha kuwekwa katika mkondo wake. Hali kadhalika, kiumbe cha shaba kilichoongezwa mwaka 2025, ambacho huchukua vitu kutoka kasha la shaba na kuvigawa katika makasha ya mbao, hutafuta kasha lenye kitu cha namna hiyohiyo au lililo tupu. Hakijali kilichoandikwa nje. Mashine huamini yaliyomo. Mtu huamini yaliyoandikwa. Kibao kikisema "chuma" na ndani mkawa na mawe, mashine haitadanganyika, bali mtu atadanganyika.

Katika dunia inayochezwa na mtu mmoja, kosa hilo hurekebishwa kwa kicheko. Katika dunia ya wachezaji kumi wanaotumia ghala moja, huleta ugomvi. Mmoja huandika "vitu vya ujenzi", mwingine huandika "mawe na mbao", wa tatu huandika "mchanganyiko", na kila mmoja hudhani jina lake linajieleza. Neno "mchanganyiko" ndilo baya zaidi kuliko yote, kwa kuwa linamwambia msomaji kwamba mwandishi alichoka. Kasha la jina hilo likishawekwa, vitu vyote vigumu kuainishwa hukimbilia humo, na baada ya muda ndilo kasha kubwa kuliko mengine.

5.0 Kiswahili na majina ya vyombo

Kiswahili hakikosi maneno ya kuhifadhia mali. Kinayo mengi, na wingi huo unaeleza historia ya biashara katika eneo zima. Kihenge ni neno la mkulima na nafaka yake. Sanduku limetoka katika Kiarabu. Kasha na pipa yamekuja na Wareno. Kabati na stoo ni ya Kiingereza. Katika Kongo ya mashariki, ambako Kifaransa ndicho lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, mahali anapopaita stoo mtu wa Dar es Salaam huitwa depo. Nchini Tanzania neno bohari limehifadhiwa katika jina la taasisi ya umma, Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1993.

Wingi huu ni utajiri, lakini katika ghala la pamoja unaweza kuwa mtego iwapo maneno yanatumiwa kiholela. Afadhali kila neno lipewe kazi yake. Kwa mchezo unaozungumziwa, kasha linafaa kwa chombo cha mbao kisichohamishwa, pipa kwa lile linalofunguka hata likifunikwa juu, shubaka kwa nafasi moja ndani yake, rundo kwa vitu vilivyojaza shubaka, kibao kwa lebo ya maandishi, na ghala kwa jengo zima. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalohitaji kuundwa upya. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi istilahi inavyopatikana ana mfano hapa ambao hauhitaji gharama: lugha ina maneno, kazi iliyobaki ni kukubaliana juu ya mipaka yake.

Kwa upande wa sarufi, Kiswahili cha Kivu kina hazina ambayo haipatikani kwa sura hiyo katika Kiswahili sanifu. Hutumia viambishi ka- na tu- kuonyesha udogo, kama katika katoto na tutoto, kasanduku na tusanduku. Hivyo mtu wa Minova anaweza kutofautisha sanduku na kasanduku kwa silabi moja, wakati msemaji wa Kiswahili sanifu hutumia ki- na vi- kwa kazi hiyo, pamoja na kazi nyingine nyingi za viambishi hivyo. Vilevile husema mufuko, kwa kuhifadhi irabu ya kiambishi mu-, pale ambapo Kiswahili sanifu kina mfuko. Mwandishi wa lebo huko ana uamuzi wa kufanya: aandike kwa Kifaransa cha ofisi, kwa Kiswahili sanifu cha vitabu, au kwa Kiswahili kinachosemwa na wapakuzi wa mizigo. Jibu linategemea swali lilelile la mwanzo, yaani nani atakayeisoma lebo hiyo.

6.0 Ghala la kahawa la Minova

Swali hilo lina uzito wa pekee katika kahawa. Minova ndiko kilikoanzishwa mwaka 2003 chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kiitwacho SOPACDI. Mwaka 2011 kilipata hati ya biashara ya haki ya Fairtrade, na kikawa ushirika wa kwanza wa kahawa nchini humo kufanya hivyo. Kabla ya hapo, katika miaka ya vita, kahawa nyingi ya ufuko huu wa ziwa ilivushwa kwa magendo usiku hadi Rwanda kwa mitumbwi, na watu wengi walizama safarini. Kahawa iliyofika ng'ambo iliuzwa bila jina la ilikotoka. Mkulima wa Kalehe alipoteza bei, na pamoja nayo alipoteza jina, kwa kuwa gunia lake lilihesabiwa katika mavuno ya nchi nyingine.

Ili kahawa ibaki na jina, ni lazima lebo ianze mapema. Matunda ya kahawa humenywa siku hiyohiyo yanapochumwa, kisha buni huchachushwa, huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Ikikauka huhifadhiwa ikiwa bado na ganda lake la ndani, na baadaye hukobolewa na kutiwa katika magunia ya kusafirisha, ambayo kwa desturi ya biashara hii huwa ya kilo 60. Katika kila hatua kahawa ya leo inaweza kuchanganyika na ya jana, ya kilima hiki na ya kilima kile. Kinachozuia mchanganyiko huo ni kipande cha karatasi au kibao chenye tarehe, kituo cha kuoshea na namba ya fungu. Kahawa ya kuuzwa nje huandikwa namba juu ya gunia zinazoonyesha nchi, msafirishaji na shehena.

Umuhimu wa fungu huonekana wazi katika ugonjwa wa ladha ya kiazi, ambao umezisumbua kahawa za nchi za Maziwa Makuu. Buni iliyoathirika hutoa ladha ya kiazi kibichi kikombeni, na aghalabu dosari hiyo haitambuliki kwa macho kabla ya kahawa kukaangwa na kusagwa. Dosari hii inahusishwa na mdudu aitwaye antestia, anayetoboa matunda yakiwa bado mtini. Buni moja mbaya huharibu kikombe kizima. Mnunuzi akiikuta katika sampuli, ghala lenye lebo linaweza kurejea katika fungu la siku fulani la kituo fulani, likalitenga, na kuyaokoa mengine. Ghala lisilo na lebo halina la kutenga. Shaka huangukia mzigo wote, na hasara ya mkulima mmoja huwa hasara ya wote.

Misingi mitatu iliyoelezwa hapo juu inaonekana humu bila kificho. Kwa asili, kahawa hupangwa kwa kituo na kilima. Kwa matumizi, hupangwa kwa daraja na mnunuzi. Kwa haraka, ile itakayopakiwa kwanza huwekwa karibu na mlango. Kuna na sharti ambalo mchezo haulijui, yaani hali ya kitu chenyewe. Kahawa hufyonza unyevu na harufu, kwa hiyo magunia huinuliwa kutoka sakafuni, hutengwa na kuta, na hayalazwi pamoja na mafuta ya taa wala vitunguu. Katika Minecraft mkate hauozi hata ukikaa miaka. Minova kila lebo ina haja ya tarehe, kwa sababu kila kitu kina umri.

7.0 Lebo isiyosema kweli

Lebo inaweza kusema uongo, na mfano wake uko katika wilaya hiyohiyo ya Kalehe. Kuanzia Oktoba 2012, magunia ya madini ya bati kutoka mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, yalianza kufungwa lakiri zenye namba chini ya mpango wa ITSCI: lakiri moja mgodini na nyingine kwa mfanyabiashara, pamoja na maandishi katika daftari. Lengo lilikuwa kumhakikishia mnunuzi wa mbali kwamba madini hayo hayakutoka mikononi mwa makundi yenye silaha. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba katika sehemu za Kivu madini ya migodi isiyoidhinishwa yalikuwa yakifungwa lakiri kana kwamba yametoka katika migodi halali. Wasimamizi wa mpango huo walizikana tuhuma hizo.

Bila kuingia katika hukumu ya mzozo huo, mtu anaweza kuliona somo lake. Lakiri ni kibao, na kibao hakiyajui yaliyomo. Thamani yake yote imo katika uaminifu wa mkono uliokifunga na katika daftari linalolingana nacho. Ndiyo maana watunza ghala wenye uzoefu huhesabu mali mara kwa mara: hulinganisha jina na kitu, na penye tofauti husahihisha jina au huitafuta mali.

Zaidi ya hayo, lebo hailindi mali. Mnamo Novemba 2012, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 waliingia Minova na vijiji vya jirani, wakapora na kuwatendea wakazi ukatili mkubwa ulioelezwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013. Tarehe 21 Januari 2025 mji huo ulitekwa na waasi wa M23. Katika nyakati kama hizo kinachoweza kuokolewa si gunia. Ni daftari, ikiwa nakala yake iliwekwa mahali pengine. Daftari linaloonyesha nani alileta kilo ngapi, siku gani, ndilo linalomwezesha mkulima kudai haki yake siku amani itakapopatikana. Bila hilo, aliyepoteza magunia kumi na asiyepoteza hata moja husimama sawa mbele ya karani.

8.0 Hitimisho

Mchezo wa Minecraft umetumika hapa kama maabara ya bei nafuu, ambamo mtu anaweza kuona jinsi ghala linavyozaliwa, linavyochafuka na linavyonyoshwa. Ulinganisho na Minova umeonyesha mahali maabara hiyo inapokomea: vitu vya mchezo havina umri, havina mwenye haki aliyeko mbali, na kosa lake halimlazi mtu njaa. Lakini kanuni za lugha zinazotawala pande zote mbili ni zilezile, nazo zinaweza kufupishwa katika mambo manne.

Kwanza, msingi wa mpangilio uchaguliwe mmoja, utangazwe, na palipo na ulazima wa kuuacha pawekwe kibao kinachosema hivyo. Pili, lebo iandikwe kwa neno ambalo mgeni mwenye lugha ya mahali hapo angelitumia kuuliza. Mahali wapakuzi wanaposema mufuko na depo, hakuna aibu kuandika hivyo. Tatu, jina lilinganishwe na kitu kwa vipindi vinavyojulikana, maana lebo iliyopitwa na wakati hupotosha zaidi kuliko kasha lisilo na lebo. Nne, orodha ya ghala isikae ndani ya ghala peke yake.

Kwa idara za Kiswahili kuna kazi inayoweza kufanywa mara moja. Wanafunzi wa leksikografia wanaweza kupewa ghala moja, la mchezo au la kweli, na kutakiwa walipangie majina kwa Kiswahili, kisha kundi jingine lisilowahi kuliona litumwe kutafuta vitu ishirini kwa kufuata vibao peke yake. Vitu ambavyo kundi la pili litashindwa kuvipata ndivyo vitakavyoonyesha ni majina gani hayafai. Jaribio hilo halihitaji fedha nyingi, na wanafunzi watakaolifanya watakuwa wamejifunza kupima neno kwa msomaji wake kabla hawajaanza kutunga kamusi au kushika daftari la ghala la ushirika.